Mkazo

Mwalimu Luhwago aliandika neno moja ubaoni,
Mdabulo, mwezi wa sita, ukungu ukiingia darasani
kwa dirisha ambalo hakuna aliyekiri kulivunja.
Insensi, akasema. Ndugu wawili wanaovaa koti moja.
Mkazo ukiuweka mbele, ni ubani,
ule anaotufukizia Gaudensi kila Jumapili
(darasa zima likanigeukia mimi, mbeba chetezo);
mkazo ukiusukuma nyuma, ni kumpandisha mtu mori
mpaka macho yabadilike rangi.

Tukarudia. Mbele, ubani. Nyuma, ghadhabu.
Ndimi zetu zilikataa.
Zimezoea mkazo usiohama,
silabi ya pili kutoka mwisho, kama kigoda cha baba jikoni:
hata asipokuwepo hakikaliwi.

"Na si kukasirika," akaonya, chaki ikimdondokea kwenye sweta.
"Kukasirika mtu aweza peke yake, kama maziwa kuchacha.
Hili ni kukasirisha. Hili ni shoka:
lazima pawe na mkono, lazima pawe na gogo.
Nani kamkasirisha nani? Bila hao wawili
sentensi inalala chini, haiinuki."

Nikaandika daftarini: shoka, mkono, gogo.

Nyumbani tulikuwa na neno letu.
Ulimi wa mama, uliolelewa kwa Kihehe,
haukuwahi kuitafutia dh mahali pa kukaa.
"Nyamazeni," angesema, "baba yenu ameuzika."
Nikiwa mdogo nilidhani kuna mtu kamnunua,
nikawa nangoja mnunuzi aje amchukue.
Hakuja.

Juni hiyo mama aliuza madebe mawili ya maharage
bila kuuliza, akanilipia ada ya mtihani.
Baba akarudi na ulanzi wake kichwani,
akaketi, akaitazama pembe palipokuwa na gunia.
"Mama Gaudensi," akasema polepole,
kwa ile dh safi aliyoipata Tanga kwenye mkonge,
"umeniudhi."

Sikia sarufi ilivyonyooka.
U, wewe, mtenda. Ni, mimi, mtendwa, maskini.
Hakuna kiungo kilichokosewa.
Kwenye sentensi shoka lilikuwa mkononi mwa mama.
Kwenye jiko, gogo lilikuwa yeye.

Kilichofuata sikielezi. Mwiko wa ugali ulivunjika,
na ule mwiko ulichongwa kwa mti mgumu.

Jumapili nilipuliza makaa, nikatia punje tatu.
Mama alikuwa benchi la nne, upande wa wanawake,
mtandio umeshushwa mpaka shavuni.
Nilipofika usawa wake nilipoteza hesabu,
nikakitikisa chetezo kuliko padri alivyonifundisha,
nikamfunika kwa moshi mpaka akakohoa,
kisha, nadhani, akacheka.
Udi na udhi: herufi moja tu,
na mama hakuwa nayo.

Mtihani wa muhula: tunga sentensi, neno hilo liwe kitenzi.
Nilikaa nalo nusu saa.
Kila nilipoanza, kuna mtu nilimtwika kosa.
Mwisho nikaandika, kwa Kiingereza changu chenye ukungu,
kwamba mwanamume mmoja alikasirika. Nukta.
Karatasi ikarudi na wino mwekundu:
Kakasirishwa na nani?
Na sifuri, kubwa, imechorwa kwa uangalifu.

Baba amezeeka, sikio la kushoto limeziba.
Juzi alipiga simu usiku, upepo ukivuma kwenye misindano.
"Mama yako ameniudhi."
Nikauliza kafanya nini.
Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha.
"Hakufanya kitu," akasema. "Nimeudhika tu."

Nikamngoja aongeze jina.
Nyuma yake mama aliuliza, kwa sauti ya mtu anayechambua maharage,
kama mzee bado ameuzika.